Huyo Kipepeo wa Kahawia Humjui. Hata Mimi Simjui.

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe kabla mtu hajaileta kwa kamenti akidhani amenipata.

Mwaka jana mvua ndefu ikikaribia kuisha nilikuwa nyuma ya ploti yetu Githurai, kwenye kile kiwanja ambacho kila mtu anadai ni chake na hakuna anayejenga. Nyasi zilinifika kiunoni, kishona nguo kimejaa kwa soksi. Kipepeo mdogo wa kahawia akatua juu ya ua, madoadoa meupe kwa bawa. Nikapiga picha moja. Moja tu, kisha akaruka kama jiwe limerushwa na manati. Nikaiweka picha kwa apu na ndani ya sekunde tatu nikapewa jina: Panoquina ocola.

Sikuangalia ramani. Sikuangalia chochote. Nikatengeneza video ya sekunde arobaini, maandishi makubwa ya njano: KIPEPEO WA AMERIKA ATUA GITHURAI. Nikaweka na muziki wa kutisha, kama filamu ya uvamizi. Watu elfu thelathini wakaiona, na kwangu hiyo ni sikukuu.

Panoquina ocola huishi kusini mwa Marekani, akishuka hadi Amerika Kusini. Na hakuna matatu ya Florida hadi Githurai.

Mzee mmoja akaniandikia chini ya video, kwa upole ambao sikustahili: "Kijana, umeangalia huyo hupatikana wapi? Wako anaonekana kuwa wa kundi la Borbo au Pelopidas. Kwa picha hii huwezi kwenda mbali zaidi ya hapo." Unajua nilimjibu nini? "Mzee, akili unde imeshasema." Nikaongeza na emoji ya kucheka. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Kwa hivyo nikiongea vibaya leo, jueni naanza na mimi. Hoja yenyewe ni hii, na najua itawakera wale wa "kila picha lazima ipate jina": kwa skipa wengi wa kahawia hapa kwetu, picha moja ya simu haitoshi kutaja spishi. Anayelilazimisha jina hajui zaidi yako. Anaharibu rekodi ambayo ni ya sisi sote.

Skipa ni nani? Ni vipepeo wa familia ya Hesperiidae, zaidi ya spishi 3,500 duniani. Jina hilo ni la Kiingereza, kwa sababu wanarukaruka badala ya kupepea polepole. Kwa Kiswahili hatujawapa jina lao, na wengi wetu tukiwaona tunasema ni nondo, tunawapangusa ukutani na kuendelea na maisha. Angalia vizuri. Mwili mnene kuliko wa vipepeo wengine, kichwa kipana, macho makubwa. Papasi zake, zile antena mbili za kichwani, zimeachana sana, na ncha zake zimenona halafu zikajikunja kidogo kama ndoano. Wale wa nyasini wakiota jua huweka mabawa ya mbele juu nusunusu na ya nyuma wakayalaza, hadi anafanana na ndege ya kivita iliyoegeshwa. Ukishamwona hivyo mara moja, hutamchanganya na nondo tena. Hadi hapo tuko sawa, picha moja inatosha kabisa.

Shida inaanza ukitaka kujua ni skipa yupi.

Na wacha niwe wa haki, kuna wale wa rahisi. Kuna Coeliades, skipa wakubwa wanaopenda kujificha chini ya majani, ambao Waingereza waliwaita polisi (usiniulize kwa nini, mimi nawaona wapole kuliko polisi ninaowajua). Coeliades forestan ana utepe mweupe safi chini ya bawa la nyuma. Ndugu zake wengine wana madoa meusi ndani ya huo utepe. Ukimpata mabawa yamefungwa na picha haitikisiki, una mahali pa kuanzia, na mara nyingi una jibu. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu uko kwa wale wa nyasini. Borbo, Pelopidas, Gegenes, Parnara. Wote wa kahawia. Wengi wana madoa madogo meupe au ya kupitisha mwanga kwenye bawa la mbele. Wanakaa kwa nyasi zilezile, wanafyonza maua yaleyale, saa zilezile. Ni kama kusimama stendi ya Globe saa kumi na moja jioni na kuambiwa umtambue binamu ya rafiki yako: "Amevaa jaketi nyeusi, ana begi."

Chukua mfano mmoja, kwa sababu ndio ulinifungua macho. Dume la Pelopidas mathias lina mstari mwembamba wa rangi ya majivu kwenye bawa la mbele, upande wa juu. Ni magamba maalum ya dume, yanahusika na harufu ya kutongoza. Dume la Borbo borbonica halina. Sasa wewe umempiga picha amefunga mabawa, unaona upande wa chini peke yake. Huo mstari uko wapi? Haupo kwa picha. Haijalishi simu yako ina kamera ngapi, haupo. Na kama ni jike, hata akifungua mabawa, mstari hana, kwa sababu si dume. Kwa hivyo "sioni mstari" inaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti kabisa, lakini apu itakupa jina moja na wewe utalinakili kama mtihani wa mwigo.

Ongeza na uzee. Rangi ya kipepeo ni magamba, na magamba hupukutika. Skipa aliyeishi wiki kadhaa akigongana na nyasi na kukimbia ndege hafanani na aliyetoka kwenye pupa asubuhi hii. Doa linafifia, kahawia inageuka kuwa kama chai ya mkandaa iliyoongezwa maziwa. Ongeza jua la saa saba linalofanya kila kitu kiwe cha dhahabu. Ongeza ukubwa: picha haina rula. Kwa simu, skipa wa sentimita mbili na wa sentimita nne wote wanajaza skrini. Siku hizi kipepeo akishaondoka naweka sarafu ya shilingi ishirini pale pale kwa jani na kupiga picha nyingine kutoka umbali uleule. Majirani wanadhani nimerogwa. Sawa tu.

Na kuna wale ambao hata ukiwa na picha kumi safi, wataalamu watakuambia jibu liko ndani ya sehemu za uzazi za dume, chini ya hadubini. Hawa madume wanafanana nje na kutofautiana huko ndani. Huo ndio ukweli wa hawa wadudu, na hauna kichujio cha kuurekebisha.

Mtu ataniambia, "Hiyo ni kwa sababu Kenya hatuna utafiti." Kwanza, si kweli. Torben Larsen alichapisha kitabu kizima cha vipepeo wa Kenya mwaka wa 1991, na makumbusho yetu ya kitaifa pale Nairobi yana droo za vipepeo waliodungwa pini na kuandikiwa lebo kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Pili, wacha tuende mahali ambapo utafiti umefanywa hadi basi, tuone kama picha ilisaidia.

Kaskazini magharibi mwa Costa Rica kuna hifadhi inaitwa Guanacaste. Kuna skipa huko aliyejulikana kwa jina Astraptes fulgerator, mweusi mweusi na bluu inayong'aa mgongoni, jina alilopewa tangu 1775. Zaidi ya miaka mia mbili watu waliamini ni spishi moja. Daniel Janzen na timu yake walikuwa wakikusanya na kufuga viwavi huko tangu miaka ya sabini, na wakagundua kitu kisichoeleweka: viwavi hawafanani. Huyu ana rangi hii anakula mmea huu, yule ana rangi nyingine anakula mmea mwingine. Lakini wakishakuwa vipepeo, wote ni wale wale mweusi na bluu. Mwaka wa 2004 Paul Hebert, Janzen na wenzao wakachapisha matokeo ya DNA wakisema hao si spishi moja. Ni kumi.

Kumi! Ndani ya jina moja!

Halafu, na hapa ndipo ninapowapenda wanasayansi, mwaka wa 2006 Andrew Brower akachukua data hiyohiyo akasema ngojeni kwanza, mimi naona angalau tatu na si zaidi ya saba. Hakuna aliyemtukana mwenzake "hater". Walibishana kwa ushahidi.

Sasa fikiria. Watu wenye viwavi, mimea, DNA na zaidi ya miaka ishirini ya kazi wanabishana kama ni tatu, saba au kumi. Na wewe una picha moja iliyotikisika uliyopiga ukishuka matatu, na una uhakika asilimia mia?

Najua jibu lenu. "Ni kipepeo tu, si kura. Nikikosea nani ataumia?"

Wacha niwaonyeshe nani anaumia. Kwenye apu nyingi za aina hii, picha yako haikai peke yake. Mtu wa kwanza anataja jina, wa pili anabonyeza "nakubali", na waliotaja jina wakishakubaliana kwa wingi wa kutosha rekodi inapandishwa daraja, inahesabiwa kuwa ya kuaminika. Rekodi za daraja hilo huingia hazina za kimataifa kama GBIF, ambayo makao yake ni Copenhagen, na huko mtafiti anazichukua kuchora ramani: spishi hii iko wapi, inahama, inapungua? Mtafiti huyo hajui ulikuwa unakimbizana na views. Anaona nukta kwenye ramani, tarehe, na jina.

Halafu mzunguko unarudi. Ile akili unde inayokupa majina imefunzwa kwa nini? Kwa picha ambazo watu kama sisi tumeshazipa majina. Tukiilisha takataka, inajifunza takataka, kisha inamtolea mwingine takataka hiyohiyo kwa sauti ya kujiamini, naye anabonyeza "nakubali". Na kwa kuwa picha nyingi duniani zinatoka Marekani na Ulaya, skipa wetu wa kahawia ndiye anayepewa jina la jirani wa Florida. Hiyo apu haijanidanganya, jamani. Ilifanya kile ilichofunzwa, na chini ya jina ilikuwa imeandika kwamba ni pendekezo. Mimi ndiye niliyelifanya tangazo.

Na msidhani ni stori ya mapambo tu. Kiwavi wa Pelopidas mathias hula majani ya mpunga. Yuko Afrika, yuko Asia hadi mashariki ya mbali, na huko Asia anahesabiwa kati ya wadudu wa mashamba ya mpunga. Binamu zake wengi wanakula nyasi za porini na hawana habari na chakula chako. Siku mtu atataka kujua ni nani anatembelea mashamba ya Mwea na ni nani anapita tu, atafungua rekodi zetu. Atakuta nini? Atakuta majina kumi yaliyobandikwa kwa kubahatisha, kila moja na "nakubali" tatu za marafiki.

Hao wa "nakubali" ndio wananiudhi kuliko wote. Rafiki yako ameposti, unataka afurahi, unabonyeza. Kukubali si laiki, manze! Ukibonyeza unasema: mimi pia nimeangalia, nimeona alama, na nimewaondoa wengine wote wanaofanana naye. Kama hukufanya hivyo umetoa ushahidi wa uongo, na haijalishi ni kuhusu mdudu wa sentimita tatu.

Lakini sitawaacha wale wengine pia. Kuna wazee fulani, na vijana wenye roho za wazee, ambao kila mwanafunzi akiweka picha ya skipa wanamjia juu: "Bila kumkamata na kumpasua hii ni bure, toa." Hapana, wakuu, na kwa heshima zote. Kwanza, bila kibali huwezi tu kuingia kwa hifadhi na wavu ukakusanya wadudu, na mtoto wa kidato cha pili Kayole hana kibali wala hadubini. Pili, picha iliyoandikwa "Borbo, spishi haijulikani" au hata "familia ya Hesperiidae", ikiwa na tarehe na mahali pa kweli, ni rekodi nzuri. Inasema siku fulani, mahali fulani, kulikuwa na skipa. Kesho mtu mwenye macho kuliko yangu anaweza kuisogeza mbele. Rekodi isiyo na jina kamili inaweza kukamilishwa. Yenye jina la uongo, hata hakuna anayerudi kuiangalia, kwa sababu imeshaonekana imekwisha. Na mkiwafukuza watoto leo, nani atakuja kuzifungua hizo droo za makumbusho miaka thelathini ijayo? Nyinyi mtakuwa mmeshazeeka kabisa.

Kama kweli unataka jina, fanya kazi yake. Usipige picha moja ukakimbia kuposti. Subiri afungue mabawa upate upande wa juu, subiri ayafunge upate wa chini, msogelee kwa upande upate uso na papasi. Usimzibe jua na kivuli chako, ataruka. Piga picha ya mmea pia, hata kama hujui jina lake. Andika kama ilikuwa msituni, kando ya barabara au kwa bustani ya mama. Halafu fungua ramani ya spishi uliyopewa, na kama nukta zote ziko ng'ambo ya bahari, weka simu chini upumue.

Ukitaka kwenda mbali zaidi bila kuua, tafuta kiwavi. Viwavi wa skipa wa nyasini hushona jani la nyasi kwa nyuzi zao hadi liwe kama mrija, wanajificha humo. Ukipata jani limejikunja namna hiyo, lichukue pamoja na nyasi zake, weka kwenye chupa pana yenye kitambaa mdomoni, mbadilishie majani mabichi kila siku. Wangu wa kwanza alikufa kwa sababu nilisahau siku mbili. Wa pili alitoka asubuhi ya Jumapili, magamba yote yako mahali pake, ametulia kwa sababu mabawa hayajakauka. Nilipata picha za juu, chini, mbele, nyuma. Shosho alikuwa ametutembelea, akaniuliza kama hicho ndicho nilichoendea shule. Nikamwambia ndiyo, shosho. Akavuta kiti akakaa kumwangalia na yeye.

Alikuwa na ule mstari wa majivu kwenye bawa la mbele. Dume la Pelopidas, nikasema kwa sauti, na nusura niongeze mathias. Kisha nikakumbuka kuna Pelopidas thrax, naye yuko Kenya, na dume lake pia lina mstari. Nikamwandikia yule mzee, niliyekuwa nimeshamwomba msamaha, nikamtumia picha zote. Akajibu baada ya siku mbili: "Kazi nzuri sana. Nadhani najua, lakini wacha nilinganishe na vielelezo kwanza." Mtu amefanya hii kazi kabla sijazaliwa, na bado analinganisha kwanza.

Ile video ya Amerika niliitoa. Nikaweka nyingine nikieleza nilivyokosea. Watu mia nane peke yake waliiona, na kuna aliyeandika "boring, rudisha ile ya uvamizi." Ile picha ya kwanza bado iko kwa apu. Nimelibadilisha jina langu, nimeirudisha hadi familia, na hapo itabaki, kwa sababu ni ya upande wa chini, imetikisika, na mimi ndiye niliyeharaka.

Lakini wale watatu waliobonyeza "nakubali" kwa Panoquina hawajabadilisha, na zao bado zinahesabiwa. Nimewaandikia mara mbili. Mmoja wenu najua unasoma hapa, kwa sababu unaniwekea moto kila posti. Asante kwa moto. Sasa ingia kwa apu utoe hilo jina.